Doa Kavu Halitembei

Nimerudisha funguo za maabara, koti jeupe lenye alama ya wino mfukoni, na kalamu mbili za kuandikia juu ya plastiki. Bomba moja la sindano sikulirudisha. Halikuwamo kwenye orodha, na mimi sikumkumbusha mtu. Ninyi mnaobaki kwenye benchi lile mliniomba niwaandikie nilichojifunza. Vyeo na mishahara mtavikuta kwenye jalada langu, wala havitawachukua muda mrefu kuvisoma. Mimi nitawaandikia habari za majani.

Nilifika kituoni Ibadakuli asubuhi moja ya kiangazi. Vumbi la uwanja wa ndege lilikuwa limetua juu ya kila kitu, mpaka juu ya sabuni. Nilikabidhiwa kwa Bi Zuhura, fundi mkuu wa maabara, mwanamke mfupi wa pale pale Shinyanga mjini, binti wa mfanyabiashara wa vitambaa. Ushungi wake ulikuwa umepigwa pasi. Ulimi wake haukuwahi kupigwa.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Hebu mikono."

Nikamwonyesha.

"Kucha zikatwe leo. Hapa tunashika majani, hatupambi bibi harusi."

Wiki mbili nzima niliosha chupa na kuchemsha maji. Wiki ya tatu akaniita kwenye kibanda cha mimea, akanisimamisha mbele ya mche wa tumbaku, akanipa bomba la sindano ambalo sindano yenyewe ilikuwa imeng'olewa.

"Geuza jani. Si hivyo, unalishika kama unamkaba mtu. Huku mgongoni ndiko kuna vitundu vyake vya kupumulia. Weka mdomo wa bomba hapo. Kidole chako upande wa pili. Sukuma taratibu."

Nikasukuma. Maji yakaingia ndani ya jani, na rangi ya kijani kizito ikaanza kutambaa chini ya kidole changu kama maji yanavyotambaa kwenye kanga kavu. Akaniambia nizungushie mstari kwa kalamu. Hayo yalikuwa maji matupu, upande wa kushoto wa mshipa mkuu. Upande wa kulia akanipa kioevu kutoka kwenye kijichupa kilichokaa juu ya barafu. Barafu ile tuliinunua kwa wauza samaki umeme ulipokatika, kwa hiyo miaka yangu yote ya mwanzo ya sayansi inanukia sangara.

"Hiki ni nini?"

"Mchuzi. Kesho utajua."

Kesho yake upande wa maji ulikuwa kijani, kana kwamba sikuwahi kuugusa. Upande wa mchuzi ulikuwa umekauka, mwembamba, rangi ya karatasi ya mfuko wa saruji, na ukavu wake uliishia pale pale nilipochora mstari.

"Bi Zuhura, nimeliua jani."

"Hujaliua. Limejiua lenyewe, tena kwa akili. Kaa."

Nikakaa juu ya ndoo. Akanieleza, na maelezo yale ndiyo niliyoyabeba kazini mpaka juzi. Bakteria wa ugonjwa akiingia kwenye jani haanzi kwa kula. Kwanza anatoa protini zake, nyingine anazisukuma mpaka ndani ya chembe za mmea, zimlainishie njia. Mmea usiozitambua unalala usingizi, na yeye anaongezeka humo humo. Mmea unaozitambua hausubiri.

"Wewe Msukuma, mwano unaujua?"

Nikacheka. Nani kwetu asiyeujua mwano? Ng'ombe wakiibwa linapigwa yowe moja, na kabla halijapoa kila mwenye miguu ametoka.

"Basi jani nalo likinusa protini ile linapiga mwano. Chembe zilizo karibu na mwizi zinakufa makusudi, akose chakula na akose pa kupita. Majani ya juu yanapata habari, yanafunga milango."

"Na huyo bakteria niliyemwingiza, yuko wapi sasa?"

"Hayupo. Mchuzi ule ulitoka kwa bakteria wa maabara asiye na madhara, aliyefundishwa kutengeneza protini moja tu ya yule mwenye ugonjwa. Nikauchemsha dakika kumi. Moto uliua kila kitu, lakini protini ile inavumilia moto. Jani lako limepiga mwano kwa harufu ya mwizi tu. Mwizi mwenyewe hajafika."

Nililala na jambo lile kichwani siku nyingi. Nilikuwa nimekulia kwenye pamba, nimeona majani yakitoa madoa yenye pembe, shina likigeuka jeusi, vitumba vikioza kabla ya kupasuka, na siku zote niliamini mmea ni kitu kinachosimama tu na kupigwa. Kumbe unapigana. Unapigana bila kelele, na silaha yake ni kujua nini cha kuacha kife.

Kazi yetu basi ikawa kutafuta pamba inayomtambua mwizi mapema. Tulizalisha mistari mingi ya mbegu, tukaipima mmoja mmoja. Bi Zuhura alistaafu kabla haijakamilika. Siku ya mwisho alinikabidhi bahasha ya mbegu iliyoandikwa namba saba na neno moja: "Usiipoteze." Alikuwa mtu wa maneno mengi, kwa hiyo neno lile moja lilinitisha.

Sasa nifike kijijini Segese, kwa sababu huko ndiko nilikokaribia kuipoteza.

Miaka ile nilipewa pia kazi ya kuzunguka vijijini kufundisha. Nilikuwa hodari, nisifiche. Nilisimama kwenye viwanja vya shule na kuwaambia wakulima kwa sauti: ukiona doa kwenye pamba, ng'oa, choma. Niliwafanya waimbe. Ukiona doa? Ng'oa! Ukishang'oa? Choma! Akina mama walipiga vigelegele, nikarudi Ibadakuli nimejaa majivuno.

Msimu mmoja tukaamua kuupima mstari wa saba, mbegu zote za bahasha ile, nje ya kituo, kwenye shamba ambalo ugonjwa ulikuwa umezoea kula. Mwenye shamba aliitwa Mama Kulwa, mama wa mapacha, ekari tatu kandokando ya barabara ambayo malori ya mgodi hupita yakiacha vumbi jeupe juu ya pamba kabla pamba yenyewe haijawa nyeupe. Mumewe alikuwa duarani Rwamgasa, kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, na habari zake zilikuja mara moja moja kama mvua za mwaka mbaya.

"Mama Neema," aliniambia siku ya kupanda, akiniita kwa jina la binti yangu, "nikwambie ukweli. Misimu miwili pamba yangu inaoza. Hii ya tatu ikioza, nafunga mlango, nabeba watoto, nakwenda Rwamgasa kuponda mawe kwenye karasha. Baba Kulwa ameshanitumia salamu."

"Unataka kwenda?"

"Nani anataka kula vumbi? Nataka kulima. Lakini peke yangu siwezi ekari tatu."

Hakuwa peke yake kabisa. Alikuwa kwenye kikundi cha watu kumi na wawili waliolimiana kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Bundala, mwanamume mrefu aliyependa ugoro na sheria. Sheria yao moja ilisema hivi: mwanachama akikutwa na mche wenye ugonjwa umesimama shambani mwake, atatoa jogoo, akikutwa mara ya pili, anatoka kwenye kikundi. Waliitunga wiki moja baada ya mkutano wangu. Mzee Bundala alinieleza hivyo kwa fahari, na mimi nikampongeza kwa fahari zaidi.

Miche ilipofikisha wiki tatu nilipita kwenye mstari wa saba na kwenye mistari ya jirani, jani kwa jani, nikiwaingiza bakteria tuliowatoa kwenye pamba ya shamba lile lile na kuzungushia mstari kwa kalamu. Nilimwambia Mama Kulwa nitarudi siku ya tatu kusoma majani. Mche unaojilinda huonekana mapema, kwa doa kavu. Unaougua huchelewa, doa lake huja baada ya wiki, bichi, kama tone la mafuta kwenye karatasi. Hayo niliyajua mimi. Yeye sikumwambia. Niliona ni mambo ya maabara.

Mvua ikanyesha, gari likazama kwenye tope njiani, nikafika siku ya tano. Mama Kulwa alinipokea shambani akikimbia.

"Mwangaluka, Mama Neema! Tumekusaidia kazi!"

Nilitazama mstari wa saba. Palikuwa na vishimo tu, vimejaa maji. Mistari ya jirani ilisimama mizuri, kijani, bila doa hata moja.

"Juzi ilikuwa zamu yangu," akasema. "Kikundi kimekuja kupalilia, tukakuta ule mstari wako umeshapata madoa. Wote! Mzee Bundala akasema mtaalamu mwenyewe amefundisha. Tukaimba ule wimbo wako, tukang'oa. Mmoja hatukuacha."

Nilichuchumaa. Watu kumi na wawili walikuwa wamepita kwa nidhamu na moyo safi, wakang'oa kila mche uliojua kujilinda, wakaacha kila mche uliokuwa bado umelala. Na mwalimu wao nilikuwa mimi.

"Mmechoma?" nikauliza.

Uso wake ukaingia aibu. "Samahani. Kuni zimelowa. Lundo liko pale kwenye ukingo. Nitachoma jua likiwaka, naapa."

Sijawahi kukimbia hivyo tena maishani. Lundo lilikuwa limelala chini ya magugu, limenyeshewa siku mbili. Miche ya juu ilikuwa imekwisha. Ya katikati ilikuwa imelegea, lakini mizizi yake bado ilikuwa na udongo, na majani, Mungu wangu, majani yalikuwa na madoa makavu, safi, yaliyoishia kwenye mstari wa kalamu yangu.

"Nitafutie makopo," nikamwambia. "Ya mafuta, ya rangi, yoyote. Na unisikilize, maana nimekukosea."

Nilimweleza huku tunapanda. Nilimweleza ya mwano, ya protini, ya chembe zinazokufa makusudi. Alisikiliza bila kuinua kichwa, mikono ikiendelea kushindilia udongo.

"Kwa hiyo aliyepiga yowe ndiye tuliyemkamata," akasema mwishoni.

"Ndiyo."

"Na wezi tumewaacha nyumbani."

"Ndiyo."

Akafyonya. "Sasa hii tuliyopanda, zamu ya palizi ikirudi wakiikuta, mimi natoa jogoo, na wakiikuta tena natoka kwenye kikundi. Unalijua hilo?"

Nililijua. Angeweza kuniambia nibebe makopo yangu niende. Badala yake aliyapanga nyuma ya nyumba, penye kivuli, akayamwagilia kwa kikombe cha chai asubuhi na jioni. Miche tisa ikashika. Ilipopata nguvu tukairudisha kwenye mstari wake, kwa sababu pamba haizai kwenye kopo, na majani yake ya chini bado yalikuwa na yale madoa.

Mzee Bundala aliiona siku ya kwanza alipopita. Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya mche wa kwanza, akavuta ugoro, akapiga chafya.

"Mama Kulwa, hii ni nini?"

"Shikamoo mzee," nikaingilia. "Ni kosa langu."

"Marahaba, mtaalamu. Makosa yako tutayazungumza. Sheria haina jina la mtu. Mche una doa. Zamu ijayo ni baada ya siku kumi. Tukiikuta, Mama Kulwa atoe jogoo, na ikibaki baada ya hapo, aende kwa mumewe."

"Mzee, nipe hizo siku kumi."

"Za nini?"

"Una tumbaku?"

Alikuwa nayo, mistari michache nyuma ya zizi, ya ugoro wake. Nilirudi Ibadakuli, nikatoa vijichupa viwili kwenye jokofu, nikavichemsha vyote dakika kumi, nikarudi Segese navyo kwenye boksi la barafu. Kimoja kilikuwa na protini ile. Cha pili kilitoka kwa bakteria yule yule wa maabara, ila huyu hakufundishwa kuitengeneza. Nilimwonyesha Mzee Bundala kila kitu mbele ya kikundi chote.

"Humu hamna mdudu hai," nikasema. "Nimewachemsha."

"Ni sumu basi," akasema mwanamke mmoja.

"Si sumu."

"Kunywa," akasema Mzee Bundala.

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikafungua kijichupa cha protini, nikanywa funda moja mbele yao. Mchuzi ule ulikuwa na chumvi na harufu ya soksi. Ninyi msifanye hivyo. Sheria za maabara zinakataza, na Bi Zuhura angenifukuza kabla sijameza. Lakini siku ile sikuwa na kitu kingine cha kuweka rehani isipokuwa tumbo langu.

Kisha nikamkabidhi bomba yeye mwenyewe. Kwa mikono yake mikubwa akalishika jani kama anamkaba mtu, nikamwelekeza kama nilivyoelekezwa. Kushoto kijichupa kisicho na protini, kulia chenye protini. Akazungushia mistari kwa kipande cha mkaa.

Kesho yake aliniita yeye. Kushoto, kijani. Kulia, karatasi.

"Mdudu hayupo," akasema polepole, "na jani limekauka."

"Limejikausha, mzee. Limesikia harufu ya mwizi."

"Hm." Akavuta ugoro, wa tumbaku ya msimu uliopita. "Nimeona la jana. Sijaona la kesho."

Alikuwa na haki. Jambo hili liandikeni mahali: mkulima anayedai kuona la kesho ni mwanasayansi kuliko wengi waliowahi kunipigia saluti. Akachukua mkaa wake, akaenda kwenye ile miche tisa ya Mama Kulwa, akazungushia kila doa kavu. Akaenda kwenye mistari ya jirani ambayo sasa ilikuwa imeanza kutoa vidoa vibichi, akavizungushia pia. Kila asubuhi alipita kabla ya kufungua ng'ombe. Mama Kulwa aliniambia kwamba alikuwa akimchungulia dirishani, na kwamba siku zile hakupika kitu kikatoka na chumvi sawa.

Zamu ilipofika, kikundi kilikusanyika shambani na majembe. Mimi nilisimama pembeni. Mzee Bundala akawapitisha kwanza kwenye ile miche tisa. Madoa yalikuwa ndani ya mistari ya mkaa, hayajasogea hata unene wa uzi. Majani mapya juu yake yalikuwa safi. Kisha akawapeleka kwenye mistari mizuri ya jirani na pamba iliyoizunguka, maana mvua ilikuwa imeusambaza ugonjwa. Vidoa vilikuwa vimeivuka mistari ya mkaa, vimeungana, vimefuata mishipa mpaka kwenye shina, na shina limeanza kuwa jeusi.

"Doa kavu halitembei," akasema. "Doa bichi linatembea. Sheria yetu haikutofautisha. Kuanzia leo inatofautisha."

"Kwa hiyo tunang'oa ipi?" mtu akauliza.

Mzee Bundala alimtazama Mama Kulwa, kwa sababu kilichokuwa kinaugua kilikuwa karibu shamba lake lote la pamba, na kilichokuwa kizima kilikuwa miche tisa. Ilikuwa juu yake. Alisimama, mkono kiunoni, akitazama ekari zake zilizokuwa bado zinapendeza kwa mbali. Nilifikiri ataniambia maneno niliyostahili.

Aliinama akang'oa mche wa kwanza. Kisha wa pili. Alipofika wa sita kikundi chote kilikuwa kimeinama, na hakuna aliyeimba.

Msimu ule aliishi kwa mahindi na kwa choroko alizopanda pale palipokuwa na pamba, na kwa chakula ambacho kikundi kilichanga bila kumtangaza. Hakwenda Rwamgasa. Ile tisa ilifungua vitumba vyake mwezi wa sita. Hatukuipeleka kiwandani, ingechanganywa na nyingine. Tuliketi sakafuni kwake, tukaichambua mbegu moja moja kwa vidole, na nusu ya mbegu nikamwachia yeye.

Msimu uliofuata nilimpa bomba na kijichupa cha bakteria wa shamba lake, nikamfundisha kama mwanafunzi, na nikarudi Ibadakuli. Sikumwambia nitarudi siku ya tatu. Nilimwambia anipigie siku ya nane, akishaona yote, makavu na mabichi.

Simu ilinikuta sokoni Shinyanga, napima dagaa.

"Mama Neema! Yamekauka!"

"Mangapi?"

"Thelathini na nane! Kati ya miche arobaini!"

"Kavu au bichi?"

"Kavu kama karatasi, na hayajatembea. Nimeyachorea mkaa."

Muuza dagaa aliniangalia kwa huruma, akaniambia pole kwa shamba. Nilimshukuru.

"Na hiyo miwili iliyobaki?" nikauliza kwenye simu. "Sikiliza Mama Kulwa, hiyo miwili usiiache, maana doa bichi..."

"Nimeshaing'oa tangu asubuhi," akasema. "Usianze kunifundisha kazi."